Picha za Vita katika Pakiti za Sigara: Namna ya Kuzitumia katika Somo la Historia

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba picha ni zana bora ya kufundishia, kwa kuwa mtoto hukumbuka zaidi kile alichokiona kuliko kile alichoambiwa. Usemi huo ni wa kweli, lakini haujakamilika. Kila picha ina mwenyewe. Ilitengenezwa na mtu fulani, kwa ajili ya watu fulani, na kwa nia fulani. Mwalimu anayebandika picha ubaoni bila ya kuuliza habari za mwenyewe, huenda akajikuta anafundisha somo la mtu mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni kadi ndogo za picha zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara huko Marekani, Uingereza na kwingineko tangu karne ya 19 hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kadi hizo zilionyesha mambo mengi: ndege, maua, meli, wachezaji na wafalme. Miongoni mwa zilizopendwa sana na wavulana ni zile zilizoonyesha askari, majenerali, silaha na mapigano. Leo zinatunzwa na wakusanyaji na majumba ya makumbusho, na picha zake huchapwa tena katika vitabu. Kwa hiyo ni rahisi zimfikie mwalimu anayetafuta picha ya vita vya zamani, naye akazipokea kama ushahidi wa mambo yalivyokuwa.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, nia ya watengenezaji wa kadi hizi haina mafumbo: walitaka kuuza sigara. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuielewa nia hiyo bila ya shida, na kutokana nayo akajifunza kuzitafuta nia zilizofichika zaidi. Pili, vita ni jambo zito. Mtoto akifundishwa vibaya habari za vita, hasara yake si alama za mtihani tu. Hujenga akilini mwake picha ya vita isiyo na maiti, isiyo na njaa wala mjane, na picha hiyo huweza kukaa naye hata atakapokuwa mtu mzima mwenye kuamua mambo.

Kadi hizi zilikuwa nini

Sigara za awali ziliuzwa katika pakiti laini za karatasi ambazo ziliponda sigara kwa urahisi mfukoni. Watengenezaji wakatia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili kuipa nguvu. Haukupita muda wakatambua kwamba kipande kile kinaweza kubeba tangazo. Tena kwamba tangazo tupu hutupwa, lakini tangazo lenye picha nzuri hutunzwa.

Sababu nyingine ilikuwa ushindani. Mwaka 1881 James Bonsack wa Virginia, Marekani, alisajili mashine ya kusokota sigara. Kampuni ya W. Duke, Sons & Co. ilianza kuitumia mwaka 1884, na mashine moja iliweza kutoa kiasi cha sigara 120,000 kwa siku. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa vidole vya vibarua wengi sasa ilifanywa na chuma. Tatizo la mwenye kiwanda halikuwa tena kutengeneza sigara, bali kumpata wa kuzinunua. Kadi ya picha ilikuwa mojawapo ya majibu ya tatizo hilo.

Ujanja wake ulikuwa katika hesabu. Kadi zilitolewa kwa seti, aghalabu za kadi 25 au 50, na kila kadi ilikuwa na namba yake. Mnunuzi hakuijua kadi iliyomo pakitini mpaka aifungue. Aliyekwisha kupata kadi 49 alikuwa na sababu kubwa ya kuinunua tena sigara ileile, na kuiacha ya kampuni nyingine. Huko Uingereza kadi ya kawaida ilikuwa na urefu wa milimita 68 na upana wa milimita 36. Mbele ilikuwa na picha, mara nyingi ya rangi. Nyuma ilikuwa na maelezo mafupi, jina la seti, namba, na jina la kampuni.

Sigara zilivutwa na watu wazima, lakini wakusanyaji wakubwa wa kadi walikuwa watoto. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1908 ilikataza kuwauzia sigara watoto wenye umri chini ya miaka 16. Hata hivyo kadi ziliendelea kuwafikia, kwani waliziomba kwa baba na kaka zao, na hata kwa wapita njia barabarani. Hivyo mtoto, bila ya kujua, alifanywa wakala wa kampuni ndani ya nyumba yake mwenyewe: ndiye aliyemhimiza baba asibadilishe sigara mpaka seti itimie.

Yapo mambo yanayoonyesha jinsi picha hizi zilivyofungamana na soko. Mwaka 1890 kampuni tano kubwa za Marekani ziliunganishwa kuwa moja, American Tobacco Company, chini ya James B. Duke. Ushindani ukapungua, na kadi nazo zikapungua. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ilipokuwa hakuna haja ya kujitembeza, picha hazikuhitajika sana.

Majeshi katika kadi

Ili mwalimu azitumie kadi hizi kwa manufaa, hana budi kujua kwamba picha za kijeshi hazikuwa na kazi ileile wakati wote. Tunaweza kuzigawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la picha za mapambo. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa seti za kadi 50 juu ya majenerali mashuhuri na juu ya silaha za mataifa mbalimbali. Kampuni ya Kinney Brothers ya New York ilitoa mamia ya kadi za sare za kijeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, na wengi wa waliopigana walikuwa bado hai. Lakini mtu aliyeitazama kadi aliona vifungo vinavyong'aa, manyoya katika kofia na panga zilizonyooka. Jeshi lilikuwa pambo, kama ua au ndege.

Fungu la pili ni la picha za habari. Vita vya Maburu na Waingereza huko Afrika Kusini vilidumu tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1902. Kampuni za Uingereza, kama vile Ogden's ya Liverpool na W.D. & H.O. Wills ya Bristol, zilitoa kadi zinazohusu vita hivyo. Ogden's ilitumia fotografia halisi. Kwa watu wasiokuwa na uwezo wa kununua magazeti yenye picha, kadi hizi zilikuwa njia ya kuzijua sura za makamanda. Hata hivyo, sura ya jenerali haisemi neno juu ya kambi walimofungiwa raia. Katika kambi hizo walikufa Maburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, na Waafrika zaidi ya 14,000 katika kambi zao za peke yao.

Fungu la tatu ni la picha za wito. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Uingereza ilikuwa na jeshi la watu wa kujitolea. Sheria ya kulazimisha watu kuingia jeshini ilipitishwa Januari 1916. Katika muda huo wa kati serikali ilibandika kila mahali mabango ya kuwaita vijana. Mwaka 1915 Wills ilitoa seti ya kadi 12 zilizonakili mabango hayo, na hivyo wito wa serikali ukaingia mfukoni pamoja na sigara. Kampuni ya Gallaher ya Belfast ilitoa katika 1915 na 1916 kadi 200 za mashujaa waliopata nishani ya Victoria Cross. Mwaka 1916 Wills ilitoa kadi 50 za magari ya kijeshi, na kadi hizo zilichapwa maneno ya kuonyesha kwamba zimeruhusiwa na ofisi ya serikali iliyokagua habari za vita. Mwalimu na ayaangalie sana maneno hayo. Ni ushahidi, uliochapwa juu ya kadi yenyewe, kwamba mkono wa pili ulipita juu ya picha kabla haijamfikia mtoto.

Fungu la nne ni la picha za matayarisho. Katika miaka ya 1930 kadi zilirudi kwa wingi, na dunia ilikuwa inaelekea vitani tena. Mwaka 1938 Wills ilitoa kadi 50 za kufundisha namna ya kujikinga na mashambulizi ya ndege: kutayarisha chumba cha kukimbilia, kuvaa kinyago cha kuzuia gesi, kuzima bomu la moto. Huko Ujerumani mvutaji alipata hati katika pakiti, akazibadilisha kwa picha, na kuzibandika katika albamu kubwa zenye maelezo. Machi 1935 utawala wa Hitler ulikuwa umerudisha sheria ya kulazimisha vijana kuingia jeshini. Mwaka 1936 idara ya picha za sigara iliyoitwa Cigaretten-Bilderdienst ilitoa albamu ya kulisifu jeshi jipya, na nyingine ya maisha ya Hitler mwenyewe.

Mwaka uleule wa 1936 ilitolewa albamu nyingine, iliyoitwa Deutsche Kolonien, juu ya makoloni ambayo Ujerumani ilinyang'anywa kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Moja ya makoloni hayo ni Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo. Hapa kadi za sigara zinaigusa historia yetu wenyewe. Miaka zaidi ya 15 baada ya utawala wa Wajerumani kuondoka, mtoto wa Kijerumani alikuwa akibandika picha za makoloni yale kama mtu anayekumbushwa shamba la babu yake lililodhulumiwa. Kwamba nchi zile zilikuwa na wenyewe, na kwamba katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 makumi ya maelfu ya wenyewe hao walikufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa, ni mambo ambayo mtoto wetu hana budi kuyaweka kando ya picha hizo anapozitazama.

Usahihi si ukweli wote

Mwalimu mwanafunzi anaweza kuuliza: je, kadi hizi zilidanganya? Jibu letu ni kwamba mara nyingi hazikudanganya, na hapo ndipo penye ugumu. Wachoraji wa kadi walikuwa waangalifu sana. Rangi ya koti, idadi ya vifungo, umbo la upanga, beji ya kikosi, vyote vilichorwa kwa usahihi ambao wanahistoria wa sare huutegemea hata leo. Kadi za mwaka 1938 zilifundisha mambo ya kuokoa maisha, na vita vilipoanza Septemba 1939 mambo hayo yalihitajiwa. Kwa hiyo si haki kumwambia mtoto kwamba kadi zote zilikuwa uongo. Akiambiwa hivyo atajifunza kudharau picha, si kuisoma.

Jambo la kumfundisha ni kwamba picha inaweza kuwa sahihi katika kila kifungo, na bado ikaficha zaidi ya inachoonyesha. Kadi hudanganya kwa uchaguzi. Mwenye kadi ndiye anayechagua kichwa cha habari cha seti, na kichwa hicho kikishachaguliwa, watu wengi wamekwisha kuachwa nje. Chukua seti ya kadi 50 iliyotolewa mwaka 1938 na kampuni ya John Player & Sons ya Nottingham juu ya sare za majeshi ya Dola ya Uingereza ng'ambo. Seti ya sare haina nafasi kwa mtu asiyekuwa na sare. Katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, kwa kila askari mwenye bunduki walihitajiwa watu wengi wa kumbebea chakula, risasi na mahema. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, uchovu na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao la wapagazi limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hawakuwa na nishani za kuchorwa wala manyoya ya kofia. Hakuna mtu aliyewaondoa katika seti. Kichwa cha habari kiliwaondoa kabla kalamu haijashikwa.

Mfano mwingine ni wa seti ambayo haikutolewa kabisa. Tarehe 18 Juni 1815 Waingereza na Waprusi walimshinda Napoleon huko Waterloo. Wills ilitayarisha kadi 50 za mapigano hayo kwa ajili ya kutimia miaka mia moja mwaka 1915. Lakini mwaka huo Wafaransa, walioshindwa Waterloo, walikuwa marafiki wa Uingereza vitani. Na Waprusi, walioshinda pamoja na Waingereza, walikuwa sehemu ya Ujerumani, adui mpya. Seti ile ikazuiwa isije ikawaudhi Wafaransa. Mapigano ya Waterloo hayakubadilika hata kidogo kati ya 1815 na 1915. Kilichobadilika ni haja za watu wa 1915. Mfano huu ni mzuri sana darasani, kwa kuwa unaonyesha kwamba hata ukimya wa mtengenezaji wa picha una sababu.

Maswali matano ya kuisoma picha

Tunapendekeza mwalimu awazoeze wanafunzi kuuliza maswali matano mbele ya kila picha ya historia. Yaandikwe kwenye karatasi ya manila na yabaki ukutani muhula mzima.

1. Tunaona nini? (Kinachoonekana kwa macho tu, si kinachodhaniwa.)
2. Nani aliitengeneza, na lini?
3. Alimpa nani, naye alitaka kupata nini?
4. Nani au kitu gani hakimo?
5. Tutamwuliza nani mwingine, au tutatazama wapi, ili tupate kilichokosekana?

Mpangilio huo si wa bahati. Unatoka katika kinachojulikana kwenda kisichojulikana, na katika kinachoshikika kwenda katika fikra. Mwalimu asianze na swali la nne. Mtoto hawezi kutambua kilichokosekana kabla hajakitazama vizuri kilichopo.

Mfano wa somo

Darasa: la sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40. Shabaha: hadi mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza kwa nini kampuni za sigara zilitoa picha za askari, na (b) kutaja mambo matatu ya vita ambayo picha iliyo mbele yake haiyaonyeshi.

Zana: si lazima kupata kadi halisi. Mwalimu akate vipande vya karatasi ngumu vya kiasi cha sentimita 14 kwa 7, ambavyo ni takriban mara mbili ya urefu na upana wa kadi ya asili, kimoja kwa kila kikundi. Mbele achore au anakili askari aliyepanda farasi, sare safi, bendera nyuma yake, mbingu ya buluu. Nyuma aandike namba, jina la seti, na sentensi mbili au tatu juu ya kikosi hicho. Mahali pa jina la sigara aandike neno "Kampuni" tu.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Wanafunzi katika vikundi vya watano au sita watazame upande wa mbele na kujibu swali la kwanza. Mwalimu aandike majibu ubaoni bila ya kuyasahihisha. Mtoto akisema, "Ni askari shujaa, mwalimu," mwalimu amwulize kwa upole, "Ushujaa unauona wapi katika picha?" Swali hilo humfanya atenganishe macho na dhana.

Hatua ya pili (dakika 15). Wageuze kadi. Mwalimu asimulie kwa ufupi habari za pakiti laini, mashine ya Bonsack, na seti za kadi 50. Kisha wafanye hesabu: ikiwa kila pakiti ina kadi moja, na hakuna kadi inayorudiwa, baba atanunua pakiti ngapi ili mwanawe atimize seti? Na kadi zikirudiwa? Hesabu hii ndogo hufanya kazi kubwa kuliko hotuba ndefu. Darasa zima huona kwa mara moja kwamba kilichotolewa bure kililipiwa.

Hatua ya tatu (dakika 15). Maswali ya tatu na la nne. Mwalimu asimulie mfano mmoja wenye tarehe na idadi. Tunapendekeza siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916, ambapo jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 kwa kuuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kutojulikana walipo, na kati yao 19,240 walikufa. Ikiwa shule ina wanafunzi 800, mwalimu awaambie wahesabu shule ngapi kama yao zingehitajika kuifikia idadi ya waliokufa. Kisha awakumbushe kwamba kijana wa miaka 20 aliyekufa siku ile alikuwa na miaka 12 mwaka 1908, umri hasa wa kukusanya kadi.

Hatua ya nne (kipindi cha pili, dakika 30). Hili ndilo tendo kuu la somo. Kila kikundi kitengeneze "kadi ya 51", yaani kadi iliyokosekana katika seti ya kadi 50. Wachague mtu mmoja wa vita ambaye seti haikumwonyesha: mpagazi, mama aliyebaki na shamba, majeruhi, mganga wa askari, mtoto wa kambini, hata farasi. Wamchore mbele, na nyuma waandike sentensi tatu za kweli. Sentensi hizo zitokane na kitabu, na maelezo ya mwalimu, au na mzee aliyeulizwa siku moja kabla; zisitungwe. Sharti hili lisilegezwe. Mtoto anayekosoa picha ya mwingine kwa uchaguzi wake, kisha akatunga ya kwake bila ya ushahidi, hajajifunza historia bado.

Hatua ya tano (dakika 10). Kila kikundi kionyeshe kadi yake, na vikundi vingine viiulize yale maswali matano. Hapo wanafunzi wataona kwamba hata kadi yao imechagua na kuacha. Mwalimu asiogope ugunduzi huo, maana ndio ukomavu wa somo.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwalimu asilete pakiti ya sigara darasani wala asitaje kwa sifa jina la sigara yoyote. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya udhibiti wa tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, unazitaka nchi wanachama kuzuia matangazo ya tumbaku. Ni aibu tangazo la karne iliyopita lipate uhai mpya kwa mkono wa mwalimu.

Pili, katika mikoa inayolima tumbaku, kama vile Tabora, wapo watoto ambao ada na sare zao zimetokana na zao hilo. Somo hili linahusu picha na nia ya anayezitoa. Lisigeuzwe kuwa hukumu juu ya wazazi wao.

Tatu, katika darasa lolote anaweza kuwamo mtoto aliyekimbia vita, au ambaye jamaa yake alikufa vitani. Mwalimu achunguze mapema, na asimlazimishe mtoto huyo kusema. Akitaka kusema mwenyewe asikilizwe kwa heshima, maana yeye analijua jibu la swali la nne kuliko kitabu.

Nne, mwalimu asidhani kwamba wavulana hawataipenda picha ya askari. Wataipenda, na wakati wa mapumziko watacheza vita. Kuwakemea hakufai. Afadhali awaulize nani katika mchezo wao anabeba maji, nani anazika, na nani anakwenda kumpa mama habari. Vita havina macho, lakini mchezaji anaweza kufunguliwa macho.

Mazoezi ya mwalimu mwanafunzi

1. Tafuta picha moja ya vita katika kitabu cha historia kinachotumika shuleni. Ijibu kwa maandishi yale maswali matano, kisha taja ni swali lipi lililokushinda na kwa nini.
2. Kusanya vitu vitatu ambavyo watoto wa siku hizi hupewa bure pamoja na bidhaa. Eleza mtoaji anatarajia kupata nini.
3. Andika andalio la somo la dakika 40 juu ya mfano wa seti ya Waterloo, kwa wanafunzi wa darasa la saba.
4. Mwulize mzee mmoja wa jirani kama alipata kusikia kwa wazazi wake habari za wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na kama wapo katika ukoo waliokwenda wasirudi. Andika alichokueleza kwa maneno yake, bila ya kuyapamba.

Hitimisho

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwataka wenye viwanda waache kutoa kadi ili kuokoa karatasi kwa ajili ya vita. Hivyo vita vilizikomesha picha zilizokuwa zikivipamba. Lakini desturi ya kumpa mtoto picha nzuri ili kumpata baba yake haikufa pamoja nazo, wala desturi ya kuonyesha vita bila ya maumivu yake. Wanafunzi wetu wamezungukwa na picha nyingi kuliko mtoto yeyote wa mwaka 1915, na nyingi miongoni mwake hutolewa bure.

Hatuwezi kuwaziba macho, wala haifai. Tunachoweza ni kuwapa mazoea ya kuigeuza kadi na kutazama nyuma yake: kusoma jina la aliyeitoa, kuhesabu kilicholipwa, na kumtafuta aliyeachwa nje. Mwalimu atakayefaulu kuyajenga mazoea hayo katika darasa moja tu, atakuwa amefundisha zaidi ya historia ya kadi za sigara. Basi mwalimu mwanafunzi na aanze na picha iliyo mezani pake leo, kabla hajaibandika ubaoni.